Seli shina zinapozeeka maabarani: kwa nini uwezo wake wa kutuliza kinga ya mwili hupungua

Msikilizaji wetu, neno "seli shina" si geni tena masikioni. Linasikika kwenye habari za upandikizaji wa uloto, na linasikika pia kwenye matangazo ya watu wanaouza vidonge, unga na sindano kwa ahadi ya kuponya kisukari, kuondoa maumivu ya magoti na hata kurudisha ujana. Leo tunaeleza jambo moja ambalo matangazo hayo hayaligusi: seli shina zikishatolewa mwilini na kukuzwa maabarani, nazo huzeeka. Zikizeeka, hudhoofika katika kazi ileile iliyowafanya madaktari wazitafute, yaani kutuliza kinga ya mwili inapovuka mipaka.

Tatizo lenyewe ni rahisi kulieleza, ingawa ni gumu kulitatua. Mgonjwa anahitaji seli nyingi, lakini mtoaji ana chache. Ili zipatikane nyingi ni lazima zijigawe, na kila zinapojigawa zinatumia sehemu ya umri wake. Idadi inapanda huku uwezo ukishuka.

Seli tunazozungumzia ni zipi?

Seli shina ni seli inayoweza kujigawa ikatoa nyingine kama yenyewe, na pia ikatoa seli zenye kazi maalumu. Zipo za aina nyingi. Zile zinazotengeneza damu hukaa ndani ya uloto, ule ute laini ulio ndani ya mifupa ambao wengine huuita uboho. Hizo ndizo hupandikizwa kwa wagonjwa wa saratani ya damu au selimundu, na makala haya hayazihusu moja kwa moja. Yanawahusu majirani zake wanaoishi katika uloto huohuo: seli shina za mesenkaima, ambazo kwa kifupi huitwa MSC.

Mwanasayansi wa Kisovieti Alexander Friedenstein, aliyefanya kazi katika Taasisi ya Gamaleya mjini Moscow, ndiye aliyezionyesha kwa mara ya kwanza. Katika miaka ya 1960 na 1970 yeye na wenzake waligundua kwamba ukimwaga seli za uloto kwenye chombo cha maabara, nyingi huelea, lakini chache hung'ang'ania sakafu ya chombo na kuzaliana kwa makundi. Chache hizo ziliweza kutoa mfupa. Mwaka 1991 Mmarekani Arnold Caplan akazipa jina la seli shina za mesenkaima, akitumaini kwamba zingetumika kukarabati mifupa na gegedu. Baadaye zikapatikana pia kwenye mafuta ya mwilini, kwenye kitovu cha mtoto mchanga na kwenye kondo la nyuma.

Kwa kuwa kila maabara ilikuwa na kipimo chake, mwaka 2006 Jumuiya ya Kimataifa ya Tiba ya Seli ilitoa masharti matatu. Kwanza, seli ing'ang'anie plastiki. Pili, juu ya ngozi yake ziwepo alama za protini zinazoitwa CD73, CD90 na CD105, na zisiwepo alama za seli za damu. Tatu, iweze kugeuka kuwa mfupa, mafuta na gegedu. Tuyakumbuke masharti haya, kwa sababu hakuna hata moja kati yake linalopima uwezo wa kutuliza kinga.

Zinatulizaje kinga ya mwili?

Kinga ya mwili ni kama askari wa doria. Ikilegea, vijidudu huingia. Ikizidi ukali, huwapiga hata wenyeji. Magonjwa kadhaa hutokana na ukali huo uliopitiliza. Mfano mkubwa ni ugonjwa unaojulikana kwa herufi GVHD, unaompata mtu aliyepandikizwa uloto wa mtu mwingine. Seli za kinga zilizokuja na uloto huo huuona mwili wa mpokeaji kuwa mgeni, na huanza kushambulia ngozi, ini na utumbo wake. Dawa ya kwanza ni steroidi. Zisipofaulu, mgonjwa yuko katika hatari kubwa ya kufa.

Mwaka 2002 watafiti wa Chicago, Marekani, walipandikiza vipande vya ngozi kwa nyani, vipande vilivyotoka kwa nyani wengine. Kwa kawaida mwili hukikataa kipande kama hicho baada ya siku 7. Nyani waliochomwa sindano ya seli za MSC walikaa nacho kwa takriban siku 11. Siku 4 si nyingi, lakini zilitosha kuonyesha kwamba seli hizi zinazungumza na kinga ya mwili na kinga inasikia. Mwaka huohuo watafiti wa Milan, Italia, walionyesha katika chombo cha maabara kwamba MSC za binadamu huzizuia seli T, ambazo ni kikosi muhimu cha kinga, zisiongezeke.

Tangu hapo njia zinazotumika zimeanza kueleweka.

Ya kwanza ni njaa. Seli za MSC za binadamu hutengeneza kimeng'enya kiitwacho IDO, ambacho huivunja triptofani, kirutubisho ambacho seli T haiwezi kuongezeka bila hicho. Triptofani ikiisha hapo jirani, na mabaki yake yakijaa, seli T hupunguza kasi.

Ya pili ni ujumbe. MSC hutoa prostaglandini E2, protini iitwayo TSG-6 na vitu vingine vinavyozifikia makrofaji, zile seli zinazomeza vijidudu na takataka. Makrofaji zikipata ujumbe huo huacha kuchochea vita na kuanza kutoa vitu vya kutuliza na kuponya.

Ya tatu ni kugusana. Juu ya ngozi ya MSC kuna protini ambazo seli T ikizigusa hupokea amri ya kupoa.

Jambo la msingi ni kwamba seli hizi hazitulizi muda wote. Husubiri kuamshwa. Kinga inapokuwa kwenye mapambano hutoa kemikali iitwayo interferoni gama, nayo MSC ikiipokea huanza kutengeneza IDO kwa wingi. Kwa hiyo uwezo wa kutuliza kinga una sehemu mbili: kusikia kengele, na kuwa na nguvu ya kuitikia. Seli ikizeeka, zote mbili huathirika.

Kuna jingine linalowashangaza wengi. Seli hizi zikiingizwa kwenye mshipa, nyingi hunasa kwenye mapafu na kutoweka ndani ya siku chache. Mwaka 2017 watafiti wa King's College, London, walieleza kwamba baadhi huuawa na seli za kinga za mgonjwa mwenyewe, kisha makrofaji huyameza mabaki yake, na kitendo hicho cha kumeza nacho huchangia kutuliza kinga. Kwa hiyo anayesema seli hizi "zinakwenda kujenga kiungo kipya" anaeleza kitu tofauti na kinachoonekana. Kazi yake kubwa ni ujumbe unaotolewa katika muda mfupi. Caplan mwenyewe mwaka 2017 alipendekeza neno "shina" liondolewe kwenye jina lake.

Kwa nini ni lazima zikuzwe?

Katika uloto, MSC ni adimu sana. Kati ya seli 10,000 hadi 100,000 za uloto zenye kiini kimoja, huenda ukapata moja tu. Mgonjwa naye huhitaji mamilioni. Dozi inayotumika mara nyingi ni seli kati ya milioni 1 na milioni 2 kwa kila kilo ya uzito wa mwili. Mtoto wa kilo 20 akipewa milioni 2 kwa kilo, dozi moja ni seli milioni 40. Akipewa dozi 8, ni seli milioni 320.

Njia pekee ni kuzizalisha. Seli huwekwa kwenye chupa bapa za plastiki, zikanyweshwa maji yenye sukari, chumvi, vitamini na seramu, kisha zikatunzwa ndani ya inkubeta kwenye nyuzi joto 37, joto la mwili wa binadamu. Maabara nyingi zimekuwa zikitumia seramu ya damu ya ndama aliye tumboni. Nyingine zimehamia kwenye maji yanayotokana na chembe sahani za damu ya binadamu.

Seli zikijaa chupani, mtaalamu huzibandua kwa kimeng'enya, kwa kawaida tripsini, akazigawa kwenye chupa mpya zilizo na nafasi. Kila uhamisho wa namna hiyo huitwa pasaji. Ndiyo maana utasikia "seli za pasaji ya 2" au "pasaji ya 8". Hesabu ya pasaji ni kama namba ya madaraja shuleni: inaonyesha seli zimetoka mbali kiasi gani, ingawa haisemi zimejigawa mara ngapi hasa, kwa kuwa maabara moja inaweza kuziacha zijigawe mara 2 kabla ya kuzihamisha na nyingine mara 5.

Kujigawa kwenyewe kunakwenda kwa kuongezeka maradufu. Seli moja ikijigawa mara 10 inakuwa 1,024. Mara 20, inavuka milioni 1. Mara 30, inavuka bilioni 1. Kwenye karatasi inaonekana kama utajiri usioisha, lakini ndani ya seli kuna kikomo.

Uzee wa seli ni nini?

Kwa miaka mingi wanasayansi waliamini kwamba seli ikitunzwa vizuri haizeeki. Chanzo kikubwa cha imani hiyo kilikuwa Alexis Carrel, Mfaransa aliyefanya kazi New York, ambaye kuanzia mwaka 1912 alitunza seli za moyo wa kifaranga. Kazi hiyo iliendelezwa hadi mwaka 1946, na ikatangazwa kwamba seli hizo hazifi. Leo wengi wanaamini kwamba seli mpya zilikuwa zikiingia chomboni pamoja na chakula chake.

Mwaka 1961 Leonard Hayflick na Paul Moorhead wa Taasisi ya Wistar, Philadelphia, walionyesha kinyume chake. Seli za kawaida za binadamu zilijigawa takriban mara 50, kisha zikasimama. Hazikufa. Zilibaki hai, zikila na kutoa taka, lakini hazikujigawa tena. Hali hiyo ndiyo inayoitwa uzee wa seli.

Sababu mojawapo ni telomea. Hizi ni ncha zilizoko mwishoni mwa kila kromosomu, zinazoilinda mithili ya ile plastiki ndogo iliyo mwishoni mwa kamba ya kiatu. Seli inapojigawa, telomea hupungua kidogo. Zikifupika mno, seli huliona jambo hilo kama jeraha kwenye vinasaba vyake na hujifungia breki. Elizabeth Blackburn, Carol Greider na Jack Szostak walipata Tuzo ya Nobel ya Tiba mwaka 2009 kwa kueleza namna telomea zinavyoilinda kromosomu, pamoja na kimeng'enya cha telomerasi kinachozirefusha. MSC za binadamu zina telomerasi kidogo mno, kwa hiyo hazina namna ya kurudisha zilichopoteza.

Telomea si sababu pekee. Hewa ya kawaida ina oksijeni takriban asilimia 21, wakati ndani ya uloto oksijeni ni kidogo zaidi. Seli iliyozoea mazingira yale inapata msukosuko chupani. Sakafu ya plastiki ni ngumu kuliko uloto. Kubanduliwa mara kwa mara nako kunachosha. Misukosuko hiyo huamsha protini za breki, hasa p16, p21 na p53, hata kabla telomea hazijafika mwisho.

Mwaka 2008 watafiti wa Heidelberg, Ujerumani, walifuatilia MSC za uloto kutoka mwanzo hadi zikome. Zilisimama baada ya siku kati ya 43 na 77, yaani pasaji 7 hadi 12. Mwanzoni zilikuwa nyembamba kama mbegu ya mpunga. Mwishoni zilikuwa kubwa, bapa, zenye umbo lisiloeleweka. Uwezo wake wa kugeuka kuwa mafuta ulishuka. Lakini somo kubwa la utafiti huo lilikuwa kwamba mabadiliko ya jeni hayakuja ghafla kwenye pasaji ya mwisho. Yalianza mapema na kuendelea polepole, hatua kwa hatua. Ni sawa na nywele: mvi ya kwanza haiji siku ya kustaafu.

Uzee unaathirije kazi ya kutuliza kinga?

Hapa ndipo kiini cha mada yetu. Madhara tunaweza kuyagawa katika makundi matatu.

La kwanza ni kupungua kwa kile kinachotolewa. Tafiti kadhaa zimeonyesha kwamba MSC zilizokaa muda mrefu chupani hudhoofika katika kuitikia interferoni gama na katika kuzizuia seli T zisiongezeke. Kengele inalia, lakini anayeitika anaitika kwa sauti ndogo.

La pili ni kuongezeka kwa kile kisichotakiwa. Mwaka 2008 kikundi cha Judith Campisi huko California kilieleza kwamba seli zilizozeeka hazinyamazi. Humwaga mchanganyiko wa kemikali, zikiwemo IL-6 na IL-8, zinazoita askari wa kinga na kuchochea mapambano. Mchanganyiko huo unaweza hata kuzizeesha seli za jirani. Kwa tiba hii ni hasara ya pande mbili: aliyetumwa kuzima moto amepunguza maji, na mkononi ameshika kuni.

Lakini tusirahisishe kupita kiasi. IL-6 hiyohiyo, katika mazingira fulani, inashiriki katika kutuliza. Ndiyo maana matokeo ya maabara moja hayafanani kila mara na ya nyingine. Wapo waliokuta MSC za pasaji za mbali bado zinazizuia seli T ndani ya chombo, na wapo waliokuta zimeshindwa. Matokeo hutegemea seli zilitoka wapi, mtoaji ana umri gani, zilinyweshwa nini na kipimo kilifanywaje.

La tatu ni kupungua kwa mwendo. Seli ya MSC inatakiwa kusogea kuelekea palipo na mapambano. Mwaka 2014 watafiti wa Hispania walizizeesha MSC za binadamu kwa mionzi, kisha wakawapa panya waliokuwa na sumu ya bakteria mwilini, sumu inayoamsha kinga hadi inaua. MSC changa ziliwasaidia panya kuishi. Zilizozeeshwa hazikuwasaidia, na mwendo wake kuelekea kwenye dalili za mapambano ulikuwa umepungua. Ni kweli uzee ule ulitokana na mionzi na si wa kukaa chupani miezi mingi, na panya si binadamu. Kwa mfano, MSC za panya hutumia zaidi nitriki oksidi pale ambapo za binadamu hutumia IDO. Hata hivyo, jaribio hilo lilitoa onyo: seli inaweza kuwa hai na kuhesabika kwenye dozi, lakini isifanye kazi.

Onyo hilo linaturudisha kwenye masharti yale matatu ya mwaka 2006. Seli iliyoanza kudhoofika inaweza kuwa bado inang'ang'ania plastiki na kubeba alama za CD73, CD90 na CD105. Kwa masharti hayo itapita mtihani. Ni kama mchezaji ambaye jezi na kadi yake viko sawa, lakini pumzi imekwisha.

Wagonjwa wametuonyesha nini?

Mwaka 2004 madaktari wa Karolinska, Stockholm, wakiongozwa na Katarina Le Blanc, walichapisha habari za mvulana wa miaka 9 aliyekuwa na GVHD kali ya utumbo na ini, iliyokataa dawa zote. Walimpa MSC zilizokuzwa kutoka kwenye uloto wa mama yake. Alipata nafuu ambayo haikutarajiwa. Mwaka 2008 Le Blanc na wenzake walitoa matokeo ya wagonjwa 55 ambao steroidi zilishindwa kuwasaidia: 30 walipona dalili zote, na 9 walipata nafuu.

Kisha ikaja awamu ya viwanda. Kampuni ya Osiris ya Marekani ilizalisha MSC kwa wingi kutoka kwa watoaji wachache. Mwaka 2009 ilitangaza kwamba majaribio yake makubwa ya awamu ya tatu hayakufikia lengo lililowekwa, ingawa kwa watoto kulikuwa na dalili nzuri. Kwa nini Stockholm ilifaulu na kiwanda kikakwama? Mwaka 2013 Jacques Galipeau, mtaalamu wa seli hizi huko Amerika Kaskazini, alijadili sababu zinazowezekana, na kuzaliana kupita kiasi kulikuwa miongoni mwake, pamoja na tofauti za watoaji na seli kutumiwa mara tu zikitolewa kwenye barafu. Kwa kuwa mambo hayo yalikwenda pamoja, haiwezekani kuutwisha uzee wa seli lawama yote.

Takwimu inayogusa zaidi ilitoka tena Stockholm, mwaka 2012. Katika ufuatiliaji wa wagonjwa 31, waliopewa seli za pasaji ya 1 hadi 2 walikuwa hai baada ya mwaka mmoja kwa asilimia 75. Kwa waliopewa seli za pasaji ya 3 hadi 4, ilikuwa asilimia 21. Tuisome takwimu hii kwa uangalifu. Wagonjwa ni wachache, na hawakugawanywa kwa kura ili makundi yafanane. Lakini tazama pasaji zenyewe: ya 3 na ya 4 ni mapema sana, seli bado zinajigawa vizuri na kwa macho zinaonekana nzima. Ikiwa tofauti hiyo ni ya kweli, basi nguvu ya kutuliza kinga huanza kuondoka muda mrefu kabla ya seli kuonekana mzee. Wahenga walisema ujana ni moshi, ukienda haurudi.

Safari haikuishia kwenye kushindwa. Desemba 2024 mamlaka ya chakula na dawa ya Marekani, FDA, iliidhinisha Ryoncil, tiba ya MSC ya kampuni ya Mesoblast, kwa watoto wenye umri wa kuanzia miezi 2 walio na GVHD ambayo steroidi zimeshindwa. Ilitegemea jaribio la watoto 54: 16 walipona dalili zote na 22 walipona kwa sehemu. Kabla ya hapo FDA ilikuwa imelirudisha ombi hilo mara mbili, mwaka 2020 na 2023, na suala la namna ya kupima nguvu ya kila shehena lilikuwa miongoni mwa mambo yaliyobishaniwa. Mwezi huohuo wa Desemba 2024, tiba nyingine, Alofisel, inayotokana na MSC za mafuta, iliondolewa katika soko la Ulaya baada ya jaribio jipya kushindwa kuthibitisha manufaa yake.

Maabara zinafanya nini kuhusu uzee huu?

Hatua ya kwanza ni kuweka kikomo. Maabara makini huamua mapema pasaji ya mwisho inayoruhusiwa, na huandika mara ngapi seli zimejigawa badala ya kuhesabu pasaji tu. Nyingine huanza na seli za kitovu au za vijana, kwa kuwa mtoaji mzee hutoa seli ambazo tayari zimetembea.

Hatua ya pili ni kubadili malezi: kupunguza oksijeni ndani ya inkubeta, kubadili seramu, kutozibana seli chupani.

Hatua ya tatu ni kuziamsha kabla ya kuzitumia, kwa kuziwekea interferoni gama ili ziingie mwilini zikiwa tayari zinatengeneza IDO.

Hatua ya nne ni kupima. Kuna rangi ya buluu, iliyoelezwa mwaka 1995, inayoonyesha seli zilizozeeka. Hupimwa p16 na urefu wa telomea. Kubwa zaidi ni kipimo cha nguvu, ambapo seli za shehena husika huwekwa pamoja na seli T ili ionekane kama kweli zinazizuia.

Msomaji anaweza kuuliza: kwa nini wasiziongezee telomerasi zisizeeke? Inawezekana maabarani, mwaka 1998 ilionyeshwa kwamba seli za kawaida zikipewa jeni ya telomerasi huvuka kikomo chake. Lakini breki ya uzee ipo kwa sababu. Ni mojawapo ya kinga za mwili dhidi ya saratani, na kuiondoa kwenye seli zitakazoingizwa kwa mgonjwa ni hatari ambayo madaktari hawaichukulii kwa wepesi.

Haya yanatuhusuje sisi?

Hapa Tanzania upandikizaji wa uloto si jambo la kusafiria India pekee tena. Hospitali ya Benjamin Mkapa jijini Dodoma imekuwa ikiwapandikiza uloto watoto wenye selimundu. Palipo na uloto wa mtu mwingine, hata kama ni wa ndugu wa damu, uwezekano wa GVHD upo, kwa hiyo tiba za kutuliza kinga ni habari inayotugusa.

Upande wa pili ni matangazo. Seli hai za binadamu haziwezi kuishi ndani ya kidonge kikavu au kopo la unga lililokaa dukani. MSC halisi huhifadhiwa kwenye nitrojeni ya kimiminika na hufuatiliwa kutoka kwa mtoaji hadi kwenye mshipa wa mgonjwa. Anayekuuzia kitu kingine kwa jina hilo, anakuuzia jina.

Na hata ukielezwa kwamba seli ni hai na ni halisi, yapo maswali ya kuuliza kabla ya kutoa fedha au kutia saini:

1. Seli zimetoka kwa nani, na kwenye sehemu gani ya mwili?
2. Zimekuzwa hadi pasaji ya ngapi, na zimejigawa mara ngapi?
3. Shehena hii imepimwa nguvu ya kutuliza kinga, au imehesabiwa tu?
4. Tiba hii imeidhinishwa kwa ugonjwa wangu, au ni utafiti? Kama ni utafiti, kibali kiko wapi?

Kwa Tanzania, dawa na majaribio yake husimamiwa na TMDA, na kibali cha maadili ya utafiti wa afya cha kitaifa hutolewa kupitia NIMR. Kwa majirani zetu wa Kenya, dawa ziko chini ya Bodi ya Famasia na Sumu. Mgonjwa ana haki ya kuomba kuonyeshwa karatasi.

Kwa kifupi

Seli za MSC hutuliza kinga ya mwili kwa kuinyima seli T chakula, kutuma ujumbe kwa makrofaji na kugusana na askari wa kinga. Zinahitajika kwa mamilioni, kwa hiyo ni lazima zikuzwe. Zikikuzwa zinazeeka, na kudhoofika huanza mapema kabla macho hayajaona. Ndiyo maana idadi ya seli kwenye dozi haitoshi kutuambia kama dozi itafanya kazi. Inabidi tujue pia zimetoka mbali kiasi gani, na kama bado zinaitika zikiitwa.

Makala haya ni maelezo ya jumla kwa wasikilizaji na wasomaji wetu. Hayachukui nafasi ya daktari anayekutibu. Maamuzi ya tiba yazungumzwe naye.